Mama wa Mitumba na O Yake Nyekundu: Vivinjari Tunavyovitumia Huku Mpakani

Mteja akiniwekea simu mezani hapa Busia na kusema "nisaidie fomu hii, imenishinda," sianzi na fomu. Naangalia kwanza ameifungulia kwenye kivinjari gani, yaani ile programu ya kufungulia tovuti. Ni lile duara la rangi nne la Chrome? Ni O nyekundu ya Opera? Au ni Phoenix, iliyokuja tayari ndani ya Tecno yake? Alama hiyo ndogo hunieleza umri wa simu, hunieleza kama mwenyewe hununua data ya siku au ya mwezi, na mara nyingi hunieleza pia kwa nini fomu imegoma.

Duka langu ni la kuchapa, kutoa kopi na kuwasaidia watu mambo ya mtandaoni, upande wa Uganda, mwendo mfupi kutoka mpakani. Wanaokuja ni wachuuzi wa soko la Sofia, madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao forodhani, wanafunzi wanaoomba vyuo, walimu, vijana wa boda wanaotafuta TIN, ile namba ya mlipa kodi. Msamia, Mteso, Msoga, Mganda, Mkenya aliyevuka asubuhi kutafuta mchele: sote tunaelewana kwa Kiswahili, na kila mmoja ana maoni makali kuhusu kivinjari cha mwenzake.

Makala nyingi za kulinganisha vivinjari huandikwa na mtu mwenye kompyuta ya GB 16 na faiba ukutani. Anapima nani amefungua ukurasa mapema kwa sehemu ya sekunde. Sina ugomvi na vipimo vyake, ila sijawahi kupata mteja aliyeniuliza habari ya sehemu ya sekunde. Huku mpakani tunamjua wakala wa forodha: anasimama kati yako na mzigo wako, anakurahisishia mambo, na anakata chake. Kivinjari ni wakala wa namna hiyo. Watu humchagua kwa kuangalia anakata nini, iwe ni MB, nafasi kwenye simu au siri zao. Na wapo waliokwisha kukatwa bila kujua.

Nianze na Opera Mini, maana ndiyo inayozua mabishano kuliko zote.

Yupo mama mmoja anayeuza mitumba Sofia, mteja wangu wa siku nyingi. Kijana wake anasoma Kampala. Kila akija likizo huifuta Opera Mini kwenye simu ya mama yake na kumwambia atumie Chrome "kama watu wengine." Kijana akishapanda basi la kurudi chuoni, mama anakuja dukani: "Mwanangu, nirudishie O yangu." Namrudishia. Kijana anamwona mama yake amepitwa na wakati. Mimi namwona mama anajua hesabu.

Opera Mini ilijaribiwa Norway mwaka 2005 na kutolewa kwa dunia nzima Januari 2006, wakati simu nyingi za huku zilikuwa za vitufe na programu zake zikiwa za Java. Waliokuwa shuleni miaka ile wanakumbuka: rafiki anakutumia faili kwa Bluetooth, unaisakinisha kwenye Nokia, na kisimu kile kinaanza kufungua tovuti ambazo kivinjari chake cha asili kilikuwa kinazitapika. Kulikuwa pia na zile Opera Mini zilizochokonolewa na mafundi wa mitaani ili kupita bure kwenye mtandao wa simu. Mipangilio yake ilizunguka mabwenini ikiwa imenakiliwa kwenye vipande vya karatasi. Kizazi kizima kilijifunzia intaneti humo, na mapenzi ya namna hiyo hayafutwi na kijana wa likizo.

Lakini si mapenzi tu. Siri ya Opera Mini ni kwamba kazi nzito haifanyiki kwenye simu. Ukiandika anwani, ombi linakwenda kwenye seva za Opera, yaani kompyuta kubwa za kampuni hiyo zilizoko mbali. Seva ndiyo inayofungua tovuti, inapunguza uzito wa picha, inatupa vikorokoro, inakunja kilichobaki na kukutumia hicho tu. Opera wenyewe husema akiba inaweza kufika asilimia 90. Ukurasa wa kawaida siku hizi unapita MB 2. Ukiletewa kipande kidogo tu cha uzito huo, na wewe umenunua data ya siku moja kwa chenji ya sokoni, hutahitaji mtaalamu akuambie kuna tofauti. Utaiona jioni, data inapokuwa bado ipo. Tena simu yenye kumbukumbu ya GB 1 inapumua, kwa sababu haijaambiwa ibebe chochote kizito. Ndani ya programu kuna sehemu inayoonyesha umeokoa kiasi gani, na mama hunionyesha tarakimu hiyo kwa fahari kila anapokuja.

Sasa turudi kwenye fomu. JavaScript ndiyo lugha inayoufanya ukurasa ubadilike unapougusa: ukichagua wilaya, kaunti zake zinajitokeza, ukichagua kaunti, zinakuja parokia, halafu vijiji. Katika ile hali kali kabisa ya kuokoa data, JavaScript haiendeshwi na simu yako. Inaendeshwa na seva kwa sekunde chache, kisha inasimamishwa, nawe unaletewa ukurasa uliokwisha kugandishwa. Ukigusa kitu kinachohitaji mabadiliko, ombi linarudi tena kwa seva. Kwa habari za mpira na bei za bidhaa hilo halina neno. Kwa fomu ya chuo yenye kurasa sita na sehemu ya kupakia picha, hapo ndipo vilio vinapoanza. Mwanafunzi anachagua wilaya, kaunti hazitokei. Anabonyeza kitufe cha kutuma, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Saa sita za usiku zinafika na dirisha la maombi linafungwa. Kesho yake anakuja kwangu akilaani chuo, na chuo hakina kosa.

Mara nyingi dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuondoa ile hali kali. Hapo simu yenyewe inaanza kufungua kurasa, na fomu nyingi zinakubali. Data itakwenda zaidi kwa dakika hizo, basi. Ukimaliza unairudisha. Ajabu ni kwamba watu wametumia programu hii kwa miaka bila kujua kuwa kuna swichi hiyo.

Lipo jambo zito zaidi, na hapa ndipo ninapokubaliana na yule kijana. Ili seva iukunje ukurasa, lazima iusome. Ile kufuli ya HTTPS inayopaswa kukufunga wewe na benki yako peke yenu, katika hali kali hufunguliwa kwenye seva ya Opera, kisha safari iliyobaki hadi kwenye simu yako hufungwa upya. Opera hawalifichi hilo. Linatokana na jinsi mtambo ulivyojengwa. Kwa hiyo nywila yako ya benki imepita mikononi mwa mtu wa tatu. Kampuni ina makao Oslo, kivinjari chake kiliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa China mwaka 2016, na hisa zake zinauzwa kwenye soko la Nasdaq la Marekani tangu 2018. Simwambii mteja kwamba kuna mtu ameketi anasoma mambo yake. Hilo sina ushahidi nalo. Namwambia tu kwamba mpira na habari asome humo, pesa ashughulike nazo kwingine.

Wanaocheka watu wa kuhesabu MB wamesahau tulikopita. Julai 2018 serikali ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Watu wakakimbilia VPN, njia ya kupitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali ili mtandao wa simu usione unafungua nini, ili kuikwepa kodi hiyo, na VPN nayo ina tumbo lake. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe, kwa hiyo unapotazama vichekesho unalipa, na unapouliza bei ya mahindi unalipa vilevile. Katikati ya hayo, Januari 2021, Facebook ikafungwa nchini, na VPN ikawa jambo la kawaida hata kwa watu wasiojua herufi hizo tatu zinasimamia nini. Hapo Opera kubwa, si Mini, ikajipatia wapenzi wapya: toleo la kompyuta lina VPN ya bure ndani yake tangu 2016, na la Android tangu 2019. Ni VPN ya kivinjari peke yake. WhatsApp yako haipiti humo, wala programu nyingine yoyote ya simu. Nimewaeleza vijana wengi jambo hilo, na wengi wameitikia kwa kichwa na kuendelea kuamini walichokuwa wanaamini.

Na intaneti nzima ilipozimwa, kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021 hadi tarehe 18, hakukuwa na kivinjari cha kukisifu. Hapa Busia mwenye laini ya Kenya alisogea mpakani kutafuta mawimbi. Mimi nilifunga duka nikaenda shambani.

Tuje kwa Chrome. Wengi wa wanaoitumia hawakuichagua, waliikuta. Simu ya Android inakuja nayo, nayo inakuja na Google, na Google anakuja na kila kitu kingine. Ilitolewa Septemba 2008, na leo karibu theluthi mbili za matumizi yote ya vivinjari duniani ni yake. Ni kivinjari kizuri, nisiseme uongo. Fomu za serikali zinakubali, mifumo ya vyuo inakubali, na tovuti ikivunjika kwenye Chrome ujue kosa ni la tovuti, kwa sababu watengenezaji wote wanajaribia humo. Hiyo ni sababu ya kutosha kwa mtu mwenye haraka.

Hata Chrome ilikuwa na hali yake ya kuokoa data. Iliondolewa Machi 2022, na moja ya sababu walizotoa Google ni kwamba bei ya data imeshuka katika nchi nyingi. Hawakupita Sofia.

Kinachowatesa watu wa Chrome kwenye simu za bei nafuu ni kumbukumbu. Chrome hujitahidi kuzitenga tovuti, kila moja na mahali pake, ili tovuti mbovu isichungulie ya benki. Ni ulinzi mzuri, lakini unalipiwa kwa RAM, yaani hiyo kumbukumbu. Kwenye simu ya GB 2 utaona hivi: mteja amejaza fomu nusu saa nzima, mfumo umemtumia namba ya uthibitisho kwa SMS, anatoka kwenda kuisoma, akirudi ukurasa umejipakia upya na kila alichoandika kimefutika. Simu iliishiwa na nafasi ikaamua kuutupa ule ukurasa. Mtu anadhani amerogwa. Nikiangalia vichupo, yaani kurasa alizoziacha wazi, idadi hata haionekani: Chrome ya Android ukipita vichupo 99 huacha kuhesabu na kukuchorea kiuso kinachocheka. Aliyebuni kiuso hicho ana ucheshi. Angekuwa na simu ya GB 2 angekuwa na ucheshi wa aina nyingine.

Lakini kinachowafunga watu kwenye Chrome si kasi wala fomu. Ni nywila. Ukinunua simu kwenye yale majengo ya simu mjini Kampala, au hata hapa kwetu, muuzaji mwenye roho nzuri atakutengenezea kila kitu. Atakufungulia akaunti ya Gmail, ataweka nywila anayoijua yeye, atakuwekea WhatsApp, na utaondoka ukimshukuru. Miaka inapita. Chrome inakuuliza kama ihifadhi nywila ya mfumo wa shule, unakubali. Ya chuo cha mtoto, unakubali. Ya kodi, unakubali. Zote zinakwenda kukaa kwenye akaunti ile ya muuzaji.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na simu mpya, ya zamani ikiwa imechomolewa kwenye teksi. Nikamwuliza, "Mwalimu, imeili yako ni ipi?"

"Ile ya kwenye simu."

"Simu ipi, mwalimu?"

"Ile iliyoibiwa."

Nywila zake zote zilikuwa salama salimini, kwenye akaunti ambayo hakujua hata jina lake. Tulihangaika naye wiki kadhaa, mfumo mmoja baada ya mwingine, kitambulisho mkononi. Wateja wangu sasa nawaambia wanunue daftari la shule, waandike imeili na nywila zao kwa kalamu, waliweke nyumbani pamoja na hati ya kiwanja. Wataalamu wa usalama watakunja uso. Mwizi wa teksi hana habari na daftari lililoko kijijini Majanji.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Chrome ndiyo bora," mara nyingi namsikia akisema kitu kingine: funguo zangu ziko humo, na kuhama ni kazi. Ni sababu ya kweli, wala siidharau. Ila isiitwe ubora.

Kuna mabishano mengine, ya vijana wa chuo, kwamba Brave ni bora kuliko Edge, au Edge imeipita Opera. Hayo huwa nayasikiliza huku nikiendelea kutoa kopi. Chini ya vivinjari hivyo vyote kuna injini moja, yaani sehemu inayosoma msimbo wa tovuti na kuuchora ukurasa: Blink, iliyo ndani ya mradi wa wazi wa Chromium unaoongozwa na Google. Opera waliacha injini yao wenyewe, Presto, mwaka 2013 wakahamia huko. Microsoft, waliokuwa wameshika zaidi ya asilimia 90 ya soko kwa Internet Explorer mwanzoni mwa miaka ya 2000, walijaribu injini mpya kwenye Edge ya 2015, wakachoka, na Januari 2020 wakatoa Edge iliyojengwa juu ya Chromium. Brave ni Chromium. Hata Blink yenyewe ilichipuka kutoka kwenye WebKit ya Apple, na WebKit ilitokana na KHTML, kazi ya watu wa mradi huria wa KDE mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukoo ni mmoja. Injini kubwa zilizobaki duniani ni tatu tu: Blink, WebKit, na Gecko ya Firefox.

Wenye iPhone wanaoringa kwamba wametia Chrome badala ya Safari nao hawajui: Apple kwa miaka yote walilazimisha kila kivinjari kwenye iPhone kitumie WebKit. Mlango umefunguliwa Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2024, na Japani, tangu Desemba 2025, tena kwa shuruti ya sheria. Huku kwetu, Chrome ya iPhone ni Safari iliyobadilishiwa shati. Kuhusu Safari sina la kuongeza. Wateja wangu wenye iPhone ni wachache na hawaji na matatizo ya fomu, wanakuja na matatizo ya chaji.

Tofauti iliyobaki kati ya ndugu hao wa Chromium ni ya sera: nani anazuia matangazo, nani anakusanya nini, nani anakusukumia akaunti yake. Brave, kampuni ya Brendan Eich, aliyebuni JavaScript mwaka 1995 alipokuwa kampuni ya Netscape, huzuia matangazo tangu mwanzo bila kuambiwa. Hilo lina maana sana hapa, kwa sababu tangazo la video hulitazami bure: unalipia MB zake, pamoja na asilimia 12. Mtu akiniuliza kivinjari gani kinachookoa data bila kumpitisha kwenye seva ya mtu mwingine, namwambia chochote kinachozuia matangazo.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye upendeleo wangu. Kompyuta za dukani zinatumia Firefox.

Historia yake inajulikana. Kivinjari cha Netscape, kilichotoka Desemba 1994 na kutikisa dunia, kilipigwa na Internet Explorer iliyokuja bure pamoja na Windows. Mwaka 1998 Netscape wakafungua msimbo wao kwa umma, na kutoka kwenye mabaki hayo ukazaliwa mradi wa Mozilla, kisha Firefox 1.0 tarehe 9 Novemba 2004. Karibu na mwaka 2010 ilikuwa imefika karibu theluthi ya watumiaji duniani. Leo iko chini ya asilimia 5. Kila mwaka kuna mtu anayeandika tanzia yake.

Sababu zangu ni za kibanda. Kompyuta moja inatumiwa na watu wengi kwa siku, kila mmoja na siri zake. Firefox nimeiagiza ifute kila kitu ikifungwa: historia, vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviacha ili zikukumbuke), nywila, yote. Chrome nayo ina njia zake, lakini mteja akiingia Gmail humo, Chrome yenyewe inataka kuingia pamoja naye, na akiondoka bila kutoka kwenye akaunti, anayekuja nyuma yake anakuta barua, picha na nywila za mwenzake. Biashara ya namna yangu inakufa kwa tukio moja la aina hiyo. Pili, uBlock Origin. Ni nyongeza ya kuzuia matangazo ambayo Chrome, kwa kubadilisha kanuni za nyongeza zake, imeifungia nje kati ya 2024 na 2025. Firefox bado inaikubali, hata kwenye simu za Android, jambo ambalo Chrome ya Android haijawahi kuliruhusu. Duka linalonunua data kwa GB linaona faida yake kwenye bili.

Tatu ni jambo la moyoni. Firefox inapatikana kwa Kiacholi. Watu wa kujitolea walikaa wakatafsiri menyu nzima, mstari kwa mstari, kwa lugha ya Gulu na Kitgum, ambayo hakuna kampuni ingeiona ina soko. Chrome, kwa upande wake, inazungumza Kiswahili, na nimeiweka hivyo kwenye simu yangu. Wateja wakiiona hushangaa, kisha huomba Kiingereza kirudishwe haraka kabla hawajapotea.

Sisemi kwamba Firefox ni malaika. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, wanaolipia utafutaji wao uwe wa kwanza humo. Apple nao wanalipwa kwa ajili ya Safari: kumbukumbu za mahakama ya Marekani zilionyesha dola bilioni 20 kwa mwaka 2022 peke yake. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google wameshikilia soko la utafutaji kinyume cha sheria. Serikali ya Marekani ikataka Chrome iuzwe. Septemba 2025 jaji huyohuyo akakataa kulazimisha Chrome iuzwe, akapiga marufuku mikataba ya kulifunga soko kwa mtu mmoja, lakini hakuzuia malipo yenyewe. Mozilla walipumua. Nami nilipumua pia, ingawa nilijua ninachokishangilia: kwamba kivinjari ninachokipenda kwa sababu si cha Google kitaendelea kulishwa na Google.

Edge ninayo, kwa kuwa Windows haikupi nafasi ya kukataa. Watu huitania kwamba kazi yake ni kupakulia Chrome. Mimi huitumia kufungua PDF na kuzijaza. Tena ina hali ya kuiga Internet Explorer, iliyostaafishwa rasmi Juni 2022, kwa ajili ya mifumo mizee ya maofisi ambayo haijawahi kuguswa tangu ilipojengwa. Kuna mfumo mmoja wa namna hiyo, wa ofisi nisiyoitaja, ambao wateja wangu wanauhitaji kila mwisho wa mwezi. Haukubali kingine chochote. Edge imenilipia kodi ya chumba kwa mfumo huo.

Hivi karibuni wanafunzi wameanza kuniulizia vivinjari vyenye akili bandia: Comet ya Perplexity, iliyotoka Julai 2025, na Atlas ya OpenAI, iliyokuja Oktoba mwaka huohuo ikianzia kwenye kompyuta za Mac peke yake. Unakiambia kikusomee ukurasa, kikufupishie, hata kikujazie fomu. Kijana mmoja wa Busitema aliniuliza kama ninaweza kumwekea kwenye kompyuta ya dukani. Nikamwonyesha kompyuta yenyewe, GB 4, Windows iliyochoka, akacheka mwenyewe.

Tukaongea hata hivyo, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri. Alitaka kujua kama kuna hatari kuacha mashine ya mbali isome kurasa zako kabla yako. Nikamwambia watu wa huku tumefanya hivyo tangu Nokia za vitufe. Seva ya Norway ilitusomea kurasa, ikatukunjia, ikatuletea, na sisi tulipima kwa MB tulizookoa. Tofauti ni kwamba ile ya zamani ilipunguza uzito wa ukurasa tu, hii mpya inaamua maneno gani yakufikie, na ukiiruhusu inabonyeza vitufe kwa niaba yako, ukiwa umeingia kwenye akaunti zako. Mama wa mitumba alikuwepo, akisubiri kopi za kitambulisho. Akauliza swali moja: hiyo mashine, data yake nani analipa?

Kijana alisema ni mteja. Mama akachukua kopi zake.